Vizuri, Mwanangu

Miaka mitatu mizima niliambiwa "vizuri, mwanangu," na mpaka leo nikimsikia mtu akiyasema maneno hayo, hata kama anamwambia mtoto wake aliyemaliza uji, natamani kurusha kitu.

Mimi ni mwonjaji chai. Ndiyo, ipo kazi kama hiyo, msinitazame hivyo. Chai inayoshuka kutoka bara kuja kunadiwa Mombasa lazima ionjwe kwanza, na wa kuionja ni sisi. Bakuli nyeupe zinapangwa juu ya meza ndefu inayoelekea dirisha, hamsini, sitini kwa mpigo. Unapita na kijiko chako, unaivuta chai kwa mlio mkubwa ili ipande mpaka nyuma ya pua, unaizungusha mdomoni, unaitema kwenye ndoo ya magurudumu unayoisukuma kwa goti. Kisha unaandika: nambari toka moja hadi kumi, na herufi ya kasoro ukiiona. M ni moshi. U ni kuungua. P ni chai iliyopooza, isiyo na uhai wowote. Ukikosea, chai mbovu inakwenda kuuzwa kwa sifa ya nzuri, na aliyeandika ni wewe.

Mamangu hakuipenda kazi hii tangu siku ya kwanza. Mimi nimezaliwa Mji wa Kale, kwenye nyumba ambayo ukivuta chai kwa mlio unachapwa mkono. "Miaka ishirini nakukataza," aliniambia, "leo waenda kufunzwa! Tena na kutema juu! Mbele za wanaume, na buibui lako hilo!" Nikamwambia mama, ndiyo kazi ilivyo. Akasema, "Lahaula," akaingia jikoni, na sufuria zikaanza kugongana.

Kazi hii haina kitabu. Unafunzwa na mtu, na aliyetufunza sisi alikuwa mzee mmoja ambaye ofisi nzima, kuanzia meneja mpaka mlinzi, ilimwita Mzee. Alikuwa jirani yetu, vichochoro viwili tu kutoka kwetu, mtu wa kofia ya kazi ya mkono na kanzu iliyopigwa pasi kila Ijumaa. Ulimi wake nausifu mpaka leo. Alikuwa akionja chai anakwambia siku ile kiwandani ilinyesha. Na namna yake ya kufunza ilikuwa moja: kukufokea.

Hilo nalisema bila lawama. Kwenye chai, kosa lazima uambiwe ladha ikiwa bado mdomoni. Ukiambiwa kesho haina maana. Kwa hiyo wanafunzi wakishaonja na kuandika, wanaviacha vibao vyao vya kubania karatasi mezani, halafu Mzee anapita bakuli zile zile, kibao mkononi, na akikuta kosa anakuita urudi. "Njoo hapa! Onja tena! Huo si moshi? Pua yako umeiwacha wapi, jaani Kibarani?" Unarudi, unaonja, unaona haya, na hutasahau tena. Kule kurudishwa bakulini ndiko shule yenyewe. Hakuna nyengine.

Tuliandikwa kazi siku moja, mimi na kijana wa bara, mtu wa umri wangu, aliyetoka milimani kunakolimwa chai na kupanga chumba Ganjoni. Alirudishwa bakulini mpaka mwaka wa kwanza akawa amechoka. Siku moja nilihesabu, mara kumi na moja kabla ya saa nne asubuhi. Mimi sikurudishwa hata mara moja. Mzee alikuwa akifika kwenye kibao changu, anageuka dirishani kidogo, anatia alama ya vyema, kisha ananiambia kwa sauti ya chini, ile ya kuzungumza na mgonjwa, "Vizuri, mwanangu."

Na mimi mpumbavu nikaamini. Nilirudi nyumbani nikimwambia mamangu ninayo karama. Nilikuwa nikimwonea huruma mwenzangu, maskini, aliyezaliwa shambani mwa chai na hajui moshi na kuungua.

Mtauliza, macho yangu yalikuwa wapi? Yalikuwa kwenye karo la kuoshea vyombo. Mara tu tukimaliza kuonja, kabla Mzee hajaanza kupita, mimi nilikuwa naambiwa nikaoshe vijiko. Wiki ya kwanza mtu alisema, "Binti atusaidie na vijiko, wanawake wana mkono mwepesi," nikaosha siku ile, na siku ile ikawa miaka mitatu. Kwa hiyo somo lilipoanza, mgongo wangu ulikuwa kwa mwalimu na mikono yangu imo kwenye povu. Nikikumbuka najichukia.

Na jioni ilikuwa hadithi ile ile. Baada ya alasiri Mzee alikaa barazani karibu na muuza kahawa wa mtaani kwetu, na waonjaji wote wakamfuata huko. Kazi nusu ilifunzwa pale, chai ya kiwanda kipi imebadilika, nani ameharibu tanuri lake. Mwenzangu si Mwislamu, hata hiyo alasiri haisali, lakini barazani alikuwa na nafasi yake na kikombe chake. Mimi, binti wa mtaa ule ule, nilikuwa napita mbele yao, natoa salamu, nakaza mwendo. Ningefanyaje? Nikae pale na wanaume, mamangu azimie?

Basi ukafika mtihani. Wakaja wakaguzi watatu kutoka nje, wakapanga bakuli thelathini, na aliyekosea zaidi ya tano hapiti. Mwenzangu alikosea tatu. Mimi nilikosea kumi na nne.

Kumi na nne! Karibu nusu. Bakuli la kwanza kabisa lilikuwa na moshi ambao mkaguzi alisema hata dereva aliyewaleta ameusikia. Meneja aliniita akaniambia nina miezi mitatu, nitapimwa tena mara moja tu. Nikishindwa, nitahamishiwa masjala, chini, nikapange mafaili. Na Mzee angestaafu mwisho wa mwaka, kwa hiyo nikishuka masjala sipandi tena. Nilimjibu sawa, nikaenda chooni nikakaa.

Siku ile niliteremsha makaratasi yangu yote ya miaka mitatu kutoka rafuni. Niliyatandaza juu ya meza ya dirishani, na mwanga wa pale ni mkali, umewekwa makusudi kwa ajili ya kuona rangi ya chai. Ndipo nilipoziona alama zilizofutwa. Chini ya sita, nne yangu. Chini ya U, M yangu. Mahali pengine karatasi imesuguliwa mpaka imekonda. Tunaandika kwa penseli, herufi kubwa moja moja, kwa hiyo si kazi kuiga mkono wa mtu. Kwenye ukurasa mmoja nilihesabu masahihisho kumi na sita, na chini yake vyema kubwa.

Nilimpelekea mwenzangu. Alitazama, akatazama tena, akashangaa. Lakini alinishangaa mimi.

"Kwani dada hukujua?" alisema. "Sisi wote tunamwona na raba yake kila asubuhi. Tulidhani mmeelewana."

"Mmeelewana! Tumeelewana nini?"

"Sijui. Kwamba wewe ni mtoto wa jirani yake."

Yaani watu wote! Wote walijua isipokuwa mimi mwenye kufutiwa, na hakuna aliyeona neno, kwa sababu kumhurumia mwanamke hakumshangazi mtu.

Nikaenda kwa Mzee. Nilikuwa nimejipanga nizungumze kwa adabu, lakini nilipoziweka karatasi mbele yake sauti ilinitoka kwa kishindo. "Mzee, umenifanya nini?"

Alivua miwani. Hakukana. "Wiki ya kwanza," alisema, "nilikukosoa, ukalia. Wakumbuka?"

Nilikumbuka, na nilitaka kugonga kichwa changu ukutani. Wiki ya kwanza nilikuwa sijajua kuvuta chai. Nilivuta kwa pupa, ikanipanda puani ikiwa ya moto, na machozi yakanibubujika mpaka kidevuni. Wakati huo huo Mzee alikuwa amefungua mdomo kunikosoa jambo. Mimi hata sikumsikia alichosema! Nilikuwa napigania roho yangu.

"Mzee, ile ilikuwa chai puani."

"Nina mabinti wanne nyumbani," aliendelea, kana kwamba hakunisikia. "Sijampazia sauti hata mmoja. Nikasema, Mungu anisamehe, nimemliza mtoto wa watu, tena jirani. Sirudii. Watu wa mtaani watasemaje, Mzee yuwamfokea binti wa fulani mbele ya wanaume? Sikutaka kukuvunja."

"Umenivunja, Mzee! Kumi na nne!"

Akainamisha kichwa. Nafikiri aliumia kweli, na hilo ndilo lililozidi kuniudhi, kwa sababu mtu mbaya unamkasirikia ukapumua. Huyu alikuwa mwema. Alinitakia kheri miaka mitatu, kwa raba. Akaniahidi kwamba kuanzia kesho atanikosoa kama wengine, hana ubaguzi.

Kesho yake nilikataa kuosha vijiko, nikasimama mezani nikingoja. Alifika kwenye kibao changu, akakohoa. "Mwanangu," alisema, "hapa kwenye bakuli la nane, si kwamba ni makosa... lakini labda, ukipata wasaa, hutojali kulionja tena kidogo?"

"Lina nini, Mzee?"

"Halina kubwa. Inshallah utaliona mwenyewe."

Akapita. Mita mbili mbele yake akamkuta mwenzangu ameandika saba badala ya sita, akamshukia mpaka vioo vya dirisha vikatetema. Nilisimama pale na kijiko changu. Sijawahi kumwonea mtu wivu kama nilivyomwonea yule kijana siku ile.

Alijaribu wiki nzima. Kila siku maneno yalimlainikia mdomoni. Ijumaa aliniletea halua. Nimemwomba kukosolewa, ananiletea halua!

Mpango ulikuwa wangu. Kibao cha mwenzangu kilikuwa cheusi, changu cha manjano, na Mzee hakuwa akitazama kitu kingine kujua kazi ni ya nani. Jumatatu nilimshika mwenzangu kwenye ngazi nikamwambia, tubadilishane. Wewe andika kwenye changu, mimi niandike kwenye chako. Akifoka atakufokea wewe, lakini kosa litakuwa langu, nami nitasikia.

Alifikiri kidogo. "Mimi kelele zake nimezizoea," alisema. "Ni kama redio ya jirani. Lakini mtihani nimeshapita, dada. Napata nini?"

"Mahamri ya mamangu, kila asubuhi."

"Na mbaazi?"

"Na mbaazi, mlafi wewe."

Tulianza siku ya pili yake. Mzee alichukua kibao cheusi, akaonja bakuli la kwanza, akasita. La pili. La tatu akalipuka. "Wewe! Njoo hapa! Ulimi wako umefiliwa? Nne? Chai hii nne? Hii imeungua, hiyo ladha ya mkate mkavu huisikii?" Mwenzangu akaenda mbio, akaonja, akasema ndiyo Mzee, naisikia Mzee. Na mimi nyuma yao, nikijifanya nakusanya bakuli, nikachota kijiko kwenye lile lile, nikavuta. Mkate mkavu. Upo pale nyuma kabisa, ukishuka pembeni mwa ulimi. Miaka mitatu naunywa na kuuita moshi.

Asubuhi ile peke yake nilirudishwa bakulini mara kumi na tisa, kwa miguu ya mtu mwengine. Halafu Mzee akafika kwenye kibao cha manjano, chenye kazi ya mwenzangu, akaonja yote, uso ukamkunjuka. "Vizuri, mwanangu," akaniambia. "Vizuri sana. Waona sasa?"

Nilikwenda stoo nikacheka, kisha nikakasirika upya.

Tuliendelea hivyo karibu miezi mitatu. Mwenzangu alinenepa kwa mahamri na kukonda kwa matusi. Mzee alimwuliza kama amependa, kama amekopa, kama amerogwa. Alimshauri aache pilipili. Barazani, mwenzangu aliniambia, alikuwa gumzo la kila jioni: jinsi kijana mwenye ulimi mzuri alivyoharibika ghafla, na jinsi yule binti alivyonyanyuka. Lakini makosa yalikuwa yakipungua. Kumi na tisa yakawa kumi, kumi yakawa manne. Kuna wiki Mzee alipita kibao cheusi kizima akanyamaza, nami nikaona ukimya ule ni mtamu kuliko halua yake yote.

Wakaguzi wakarudi. Bakuli thelathini. Nikakosea mbili.

Hapo ndipo ningepaswa kufurahi nikaenda zangu nyumbani. Lakini meneja alitukusanya sote chumba cha kuonjea, akampa Mzee nafasi aseme neno, na Mzee akasimama, macho yamelowa, akaniwekea mkono hewani juu ya bega bila kunigusa. "Nataka mjifunze kwa hili," alisema. "Vijana tunawafokea na wengine wanaharibika, kama mlivyoona. Lakini mtoto wa kike, yeye ukimlea kwa upole, taratibu, neno zuri kila siku, matokeo ndiyo haya. Mimi nastaafu, na nimeandika ushauri huu kwa watakaokuja baada yangu. Na huyu bwana," akamwonyesha mwenzangu, "nimeandika kwamba ameporomoka, afikiriwe kazi nyengine. Inaniuma, lakini ndivyo."

Watu wakapiga makofi. Wakampigia makofi! Mwenzangu alinitazama, na kwenye masharubu yake kulikuwa na chembe ya mahamri yangu.

Ningenyamaza, ningekuwa nimepata kiti, na wasichana wote watakaokuja meza ile wangefutiwa kwa raba mpaka wazeeke, na yeye angeshuka masjala badala yangu. Nilingoja watu watoke. Nikamzuia Mzee mlangoni, nikamwomba arudi akae. Nikavileta vibao vyote viwili, cheusi na cha manjano, na karatasi zote za miezi mitatu, nikaziweka mbele yake.

"Mzee," nilimwambia, "cheusi ndicho changu."

Hakuelewa. Nikamweleza polepole, tangu mahamri mpaka mbaazi. Mwenzangu alisimama kando yangu akiitikia kwa kichwa. Mzee akavaa miwani. Akaanza kufunua karatasi za kibao cheusi, moja moja. Nilidhani ataondoka. Nilidhani atalia, na kama angelia sijui ningefanya nini.

Akasimama kwenye ukurasa mmoja, akaweka kidole. "Hili bakuli la kumi na saba," alisema. "Uliandika limepooza. Ni wewe?"

"Ni mimi, Mzee."

"Limepooza." Akaninyanyulia macho. "Limepooza! Chai ile! Chai ile ilikuwa hai, ilikuwa yaruka mezani, na wewe waandika P? Ulikuwa umelala? Ulimi uliuazima wapi? Na hapa! Na hapa! Moshi huu kipofu angeuona! Tena mwanidanganya, mimi, miezi mitatu, mkinilisha maneno kama mtoto, mwakula mahamri mwanicheka! Hamna adabu! Wewe hasa, huna adabu!"

Meneja alifungua mlango, akaona, akaufunga. Nilikuwa nimesimama mikono nyuma, kama nilivyomwona mwenzangu akisimama siku zote. Machozi yalinitoka, na safari hii hapakuwa na chai yoyote puani mwangu. Mzee aliyaona. Akalowesha kidole, akafunua ukurasa wa pili akaendelea kunifokea.